Jogoo Aliyeinama

Mwaka ule tulipokuwa tunangoja mapacha, mume wangu Desmond aliuza kompyuta yake akaninunulia mashine ya kufulia. Sikumwomba. Nilirudi kutoka kliniki nikaikuta jikoni, nyeupe, inameremeta, na juu ya meza ya dirishani, pale ilipokuwa kompyuta, pamebaki mraba usio na vumbi. "Nepi za watoto wawili utazifua kwa mikono?" akaniuliza, na hotuba ikaishia hapo. Des si mtu wa maneno. Ukimpa sentensi tatu asubuhi, jioni atakurudishia moja, tena fupi.

Mashine ile ya kufulia ilikufa kabla mapacha hawajaanza shule. Kompyuta iko hai mpaka leo, na hilo ndilo lililonikera miaka yote, maana aliyeinunua ni Clifford Sugden. Yeye na Des walikuwa mafundi karakana ya mabasi hapa Halifax. Kila Novemba, kwenye maonyesho ya kompyuta za zamani, Clifford huiweka mezani katika ukumbi wa kanisa la Methodisti, ndani ya sanduku la kioo, na mume wangu huenda kuitazama kama mtu anayemtembelea ndugu yake gerezani. Mimi sikuwahi kuisogelea. Nilikuwa nakaa kwenye dirisha la jiko la ukumbi namimina chai, na nikiliona lile sanduku kwa mbali nafsi inanisuta. Yule mtu aliuza kitu alichokipenda kwa ajili yangu, nami sikuwahi kumrudishia.

Kompyuta za Holroyd ziliundwa hapa hapa mjini, kwenye kiwanda cha zamani cha mazulia, siku zile kila mwenye banda na bisibisi alijiona ataunda kompyuta. Jina lake la kitabuni ni Holroyd 32, ila ukiita hivyo watu watajua wewe ni mgeni. Sisi tunaiita Jogoo, kwa sababu ya nembo yake: jogoo mdogo mwekundu wa plastiki, mguu mmoja juu, kabandikwa pembeni mwa vitufe. Kampuni ilifilisika upesi. Mashine zilikuwa nzuri, gundi ndiyo iliyokuwa ya hovyo. Majogoo wakabanduka, wakaliwa na mifagio nyumba hadi nyumba, na leo ukibahatika kuipata Holroyd ya asili utakuta pale pa jogoo pana kovu tu. Isipokuwa ya Clifford. Ya Clifford jogoo wake yupo.

Basi watu wa rika letu, wastaafu wenye miwani na muda, wakaunda chama, na chama kikaanza kuunda nakala. Bodi mpya, kasha jipya, vitufe vya rangi ile ile ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Hakuna ubaya. Wengine wanafuga njiwa. Taabu ilianza pale mjanja mmoja alipouza nakala mtandaoni akidai ni ya asili. Mzee wa watu kutoka Cornwall akaingia mtegoni. Alikuja nayo kwenye maonyesho yetu kaikumbatia, anacheka na kila mtu, Clifford akachukua bisibisi akaifungua mbele ya ukumbi mzima, akamwonyesha chipu za juzi juzi. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Uso wa yule mzee sitausahau.

Wiki ile ile Clifford akapeleleza, akagundua kwamba usajili wa nembo ya jogoo ulikufa pamoja na kampuni. Akausajili upya kwa jina lake. Tangu hapo jogoo ni mali yake kisheria, na hakuna anayembandika popote bila ruhusa ya Clifford Sugden. Nasema haya ili msimwone kuwa ni mtu mbaya. Si mbaya. Anaudhi tu.

Utaratibu wake ni huu. Ukimaliza nakala yako unaileta Novemba. Clifford anavaa glavu nyeupe za pamba, anaifungua, anahakikisha kwamba ndani umeandika "nakala" kwa wino usiofutika, anaibonyeza vitufe vyote. Ikipita, unaapa mbele ya watu kwamba mashine hii haitaondoka mkononi mwako, haiuzwi, haigawiwi, ili asije akatokea mzee mwingine wa Cornwall. Ndipo anatoa jogoo kwenye kikopo, anambandika kwa kutumia kibao maalumu cha kupimia, na ukumbi mzima unawika kokorikoo. Watu wazima. Mmoja wao alikuwa hakimu.

Asiye na ruhusa anajitafutia njia. Bwana mmoja wa Leeds alikataliwa, akabandika bata. Mwingine akachora jogoo aliyegeuka, mkia tu ndio unaoonekana, akadai nembo iliyosajiliwa haina makalio. Clifford alifikiri juu ya hilo majuma kadhaa.

Des hakuwahi kuunda ya kwake. Mikono yake ilianza kutetemeka karibu na kustaafu, kidogo kwanza, kisha hata kikombe kikawa kazi. Huwezi kulehemu waya mwembamba kama unywele na mikono ile. Yeye hubeba viti, huendesha gari kwenda kuchukua pai, kisha anazunguka meza kwa meza, mikono mfukoni, akizitazama nakala za wenzake. Ukizipiga hesabu sheria za Clifford utaona zinakoishia: jogoo ni wa aliyeunda, asiyeweza kuunda hatakuwa naye maisha. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi niliiona kila Novemba kutoka dirisha langu la chai.

Mwaka huu Des alikuwa anatimiza sabini, na siku yenyewe iliangukia Jumamosi ya maonyesho. Nikaamua nitaiunda mwenyewe.

Nilimwendea Balwinder Sahota wa Huddersfield, fundi simu mstaafu, mtu mpole mwenye kilemba cha buluu na karakana safi kuliko jiko langu. Nilimwambia Des najifunza kuogelea. Kila Jumanne nilitoka na taulo na nguo ya kuogelea kwenye mfuko, nikarudi na vidole vimeungua.

"Dada, pasi ya kulehemu si pasi ya nguo," Balwinder alikuwa akiniambia. "Usiikandamize. Iguse, iache risasi ya kulehemia iyeyuke yenyewe."

"Haiyeyuki."

"Inakuogopa. Na mimi nakuogopa. Pumua kwanza."

Nilikuwa na hasira nyingi na subira kidogo, na kazi ile inataka kinyume. Nililia mara moja, bodi ya kwanza ilipoungua. Lakini mwisho mashine iliwaka, na kwenye televisheni kikatokea kimstari kinachopepesa, kile kile kilichokuwa kinapepesa dirishani kwetu nikiwa na mimba ya mapacha. Nikamkumbatia Balwinder hadi kilemba kikaenda upande.

Kilichobaki ni jogoo.

"Umeisoma sheria ya Clifford?" aliniuliza Balwinder tukiwa garini Jumamosi ile, mashine imefunikwa blanketi kiti cha nyuma kama mtoto aliyelala. "Haigawiwi."

"Nitaongea naye."

"Si bora umdanganye? Apa, bandikiwa, mpe mumeo. Mnalala nyumba moja, nani atajua?"

"Siwezi kumpa Des zawadi niliyoiapia uongo."

Balwinder akavuta pumzi. "Basi mpe hivyo hivyo. Jogoo awike asiwike kutakucha, dada."

Ni kweli, kutakucha. Lakini mimi sikutaka kumpa Des sanduku la vitufe. Nilitaka nimrudishie kitu kile kile kilichotoka pale dirishani, na kile kilikuwa na jogoo.

Tulipofika Des alikuwa ameshaondoka kwenda kuchukua pai, kama nilivyopanga. Ukumbi ulikuwa umejaa, harufu ya makoti yenye mvua na keki ya tangawizi. Nikaiweka mashine juu ya meza ya Clifford nikavuta blanketi.

Clifford akatazama mashine, akanitazama mimi, akatazama mashine tena. "Ya nani hii, shemeji?"

"Yangu."

"Umeinunua wapi?"

"Clifford, nitakumwagia chai. Nimeiunda."

"Na Balwinder."

"Mimi nilikuwa nashika tochi," akasema Balwinder. "Na kuomba Mungu."

Watu wakaanza kusogea. Clifford akavaa glavu zake kidole kwa kidole, akafungua kasha, akainama na kioo cha kukuzia. Alikaa ndani mle muda mrefu, akibonyeza hiki, akinusa kile. Aliposimama alikuwa amebadilika uso. "Shemeji," akasema kwa sauti ya heshima ambayo sijawahi kuisikia kwake, "kuna watu humu wameanza kulehemu kabla sijaota mvi, na hawalehemu hivi."

Nikaona haya kama binti. Clifford akageukia ukumbi, akapiga mikono, akachukua kikopo chake na kile kibao cha mbao. "Noreen Barraclough! Unaapa kwamba mashine hii haitaondoka mkononi mwako, haiuzwi wala haigawiwi?"

"Siapi."

Kikopo cha Clifford kikabaki hewani.

"Nimemuundia Des," nikasema. "Leo anatimiza sabini. Nikishapata jogoo, nampa. Nakuambia mbele ya wote ili usije ukasema nilikuficha."

Clifford akashusha kikopo polepole. Niliona kwamba ilimuuma, na hiyo ikanikasirisha zaidi, maana ni rahisi kugombana na mtu asiye na moyo. "Shemeji, siwezi."

"Jogoo ni wako. Unaweza lolote."

"Ndiyo sababu siwezi. Nikikupa wewe, kesho atakuja mwingine anampa mwanawe, mwanawe anampa rafiki, rafiki anauza. Sheria ikipasuliwa kwa ajili ya shemeji yangu si sheria tena. Mpe Des mashine, mashine ni yako. Jogoo hapana."

"Des aliuza ya asili kwako wewe! Kwa nepi!"

"Najua. Nilimlipa vizuri."

"Na mikono yake unaijua. Ataunda lini ya kwake? Akifika mia?"

Clifford alikuwa anatazama glavu zake. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mpe bwana, Cliff," mwingine akasema sheria ni sheria, mzozo ukaanza, na mimi machozi yakaanza kunisogea, ya hasira, yale mabaya zaidi. Ili nisilie mbele yao nikakamata kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nikajifanya nakitazama. Kilikuwa kile kibao cha kupimia. Kimechongwa nafasi ya jogoo katikati, kazi safi, lakini nafasi yenyewe ilikuwa imekaa mshazari.

"Hata kibao chenu kimekwenda upande," nikasema kwa ubaya.

Lo! Kumbe nilikuwa nimemgusa Clifford pale anapopenda kuguswa. Uso ukamchangamka pale pale. "Hakijaenda upande, shemeji. Hiyo ni digrii saba kushoto. Ndiyo siri ya jogoo wa Holroyd! Picha za matangazo zinamwonyesha amenyooka, lakini zile zilipigwa kabla kiwanda hakijaanza kazi. Jogoo wa kweli anainama, kwa sababu ndege akitaka kuwika hutega kichwa kwanza. Nimeandika makala juu yake. Watu wamenipigia simu kutoka Japani, na mmoja akaja na nakala yake."

"Umejuaje kwamba anainama?"

"Nimempima wa kwangu. Ndiye pekee aliyebaki na jogoo wake tangu kiwandani. Njoo uone, hujawahi kuja kumwona hata siku moja." Akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye sanduku la kioo, akalifungua kwa ufunguo wake mdogo.

Nikainama. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona kwa karibu tangu ilipotoka nyumbani kwangu, na moyo ulinipiga kama nimekutana na mtu. Kulikuwa na mkwaruzo wa kijiko pembeni, naujua. Kulikuwa na doa la chai. Na pale, chini ya mkia wa jogoo, umejitokeza uzi wa rangi ya manjano usiozidi unene wa ukucha.

Nikaanza kucheka.

Sikuweza kujizuia. Nilishika meza. Balwinder akaja mbio akidhani nimepatwa na ugonjwa.

"Clifford," nikasema nilipopata pumzi, "jogoo wako hakuinamishwa na kiwanda. Nimemwinamisha mimi."

"Nini?"

"Nilikuwa nafuta vumbi akabanduka, akatumbukia kwenye ndoo. Siku hiyo nilikuwa nabandika karatasi ya ukutani jikoni, ile yenye maua ya manjano. Nikatia gundi ya unga nyuma yake, nikaona anacheza ndani ya kishimo chake pembeni mwa vitufe, nikakata kipande cha karatasi ya ukutani nikakijaza chini, nikambandika kwa kidole gumba. Haraka haraka, Des asije akanikuta. Hata sikuangalia kama amenyooka."

Nimesikia ukimya kanisani, nimesikia ukimya mazikoni. Ule wa pale ukumbini ulikuwa mwingine kabisa. Kote humo, meza hadi meza, majogoo wa digrii saba walikuwa wameinamisha vichwa wakinisikiliza.

"Haiwezekani," akasema Clifford. "Shemeji una uchungu, nakuelewa, lakini usije..."

"Mbandue."

"Jogoo wa pekee wa asili duniani? Thubutu!"

Balwinder ndiye aliyejibu, kwa upole wake ule. "Bwana Sugden, yule mzee wa Cornwall hakukukatalia ulipomfungulia yake."

Clifford akatazama sakafu. Nasema tena, si mtu mbaya. Mwingine angefunga sanduku akaondoka. Yeye alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema kwa sauti kavu, "Nani ana uzi wa kusafishia meno?"

Maana hivyo ndivyo wanavyobandua nembo bila kuikwaruza: unapitisha uzi nyuma yake, unausukuma huku na huku taratibu kama msumeno. Hakimu alikuwa nao mfukoni. Clifford akapitisha uzi chini ya mkia wa jogoo, na watu hamsini wakazuia pumzi. Jogoo akaachia. Clifford akampokea katika kiganja cha glavu, akamgeuza.

Mgongoni mwake palikuwa na ua la manjano, zima, na jani lake.

Mtu mmoja kule nyuma akawika, kidogo tu, kwa woga. Ndipo ukumbi ukapasuka. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Bwana wa bata alikaa chini sakafuni. Mwingine, fundi saa wa Sheffield, alisimama juu ya kiti akapiga kelele, "Mwaka juzi ulinikatalia kwa sababu nilitaka wangu anyooke!"

"Nilikukatalia," akasema Clifford, amekaa, kiganja bado wazi. "Na ulikuwa sahihi. Mungu wangu. Na makala nimeandika."

Nikamwonea huruma. Nilimletea chai, nikatia sukari bila kuuliza. Alikunywa nusu, akanitazama, na nikaona kichwa chake cha sheria kinaanza kuzunguka tena, maana hata mtu akianguka huangukia tabia yake.

"Shemeji, nembo iliyosajiliwa ni jogoo. Jogoo ni wangu," akasema polepole. "Lakini kila niliyemtoa nimemtoa ameinama. Watu wanamtambua kwa mwinamo. Na mwinamo si kazi ya Holroyd. Wala si kazi yangu."

"Ni kazi yangu," nikasema.

"Ni kazi yako. Kumbe miaka yote natumia alama ya mtu bila ruhusa."

"Hata hukuniuliza."

"Hata sikukuuliza. Ungenishitaki?"

"Naweza kukukataza," nikasema, na wallahi nilianza kufurahi. "Naweza kusema kuanzia leo hakuna jogoo anayeinama bila idhini ya Noreen Barraclough. Wote wanyooshwe. Na yule wa Japani pia."

"Shemeji!"

"Sheria ni sheria, Clifford."

Hakimu akakohoa. Alisema kwamba si kazi yake tena, na kwamba pale hapakuwa mahakamani, ila kwa watu wazima kuna njia ya kupeana ruhusa: huyu amruhusu yule jogoo, yule amruhusu huyu mwinamo, wapeane mikono, pai zisije zikapoa. Clifford alifikiri. Kisha akavua glavu ya mkono wa kulia, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikifanya mbele ya mashine, akanipa mkono mtupu.

"Na kiapo?" nikamuuliza. "Haigawiwi?"

"Kiapo ni cha kumlinda mtu asidanganywe," akasema. "Des huyu, nani atamdanganya kuhusu hiyo mashine? Labda mimi." Akapunguza sauti. "Ila unisaidie kitu kimoja. Huyu wa asili nimrudishe kwa gundi gani?"

"Unga na maji ya moto. Na hilo ua usilitupe."

Wakati huo ndipo nilipomwona Des. Alikuwa amesimama mlangoni na trei la pai, limekaa juu ya mikono inayotetemeka, pai zinacheza kidogo. Sikujua amekuwa pale tangu lini. Clifford alinyanyuka akamwendea kwa hatua ndefu, mkono mmoja una glavu, mmoja hauna.

"Des, unasikia maajabu? Mwinamo ni wa mkeo! Si wa kiwanda!"

"Najua," akasema Des.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Unajua tangu lini?" nikauliza mimi.

Balwinder akampokea trei. Des akaweka mikono mfukoni, akanijia pale mezani, akaangalia mashine niliyomuundia, vitufe vyake, waya wake, akarudisha macho kwangu. "Tangu siku ile ile. Nilirudi kazini nikamwona amelala upande, na jikoni gundi imejaa. Nikasema kimoyomoyo, masikini, alidhani sitaona."

"Na hukusema!"

"Ulikuwa umechoka. Mimba ya watoto wawili."

"Miaka yote hii, Desmond! Hawa wamechonga vibao! Yule ameandika makala! Fundi saa wa watu kakataliwa!"

"Samahani, bwana," Des akamwambia fundi saa. Kisha akanyamaza, na mimi nikadhani ndiyo basi, sentensi zake za siku zimekwisha. Kumbe alikuwa anazikusanya. "Nilipoiuza niliumia kidogo. Si sana. Halafu hawa wakaanza kuunda za kwao. Wa kwanza akanionyesha, nikaona kidole chako. Nikanyamaza. Akaja wa pili, kidole chako. Sasa ziko Leeds, ziko Scotland, ziko Japani. Kila Novemba naingia humu nazunguka meza kwa meza, na kwenye kila mashine naona kazi ya mkono wa mke wangu. Ningewaambia wanyooshe, mimi ningekuja kuangalia nini?"

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, husemwa, na mshindo wenyewe ulinipiga pale pale mbele ya watu. Na mimi nilikuwa nadhani anamtembelea ndugu yake gerezani. Nililia, na safari hii sikushika kibao kujificha.

"Na kuogelea?" nikamuuliza huku najifuta kwa taulo la vikombe. "Hilo nalo ulijua?"

"Mwogeleaji gani anarudi nywele kavu, ananuka risasi?"

Watu walicheka tena, na Clifford, aliyekuwa akipenga kamasi kwa kelele, akafungua kikopo chake akachagua jogoo mwekundu kuliko wote. Akaweka tone la gundi nzuri ya siku hizi. Akanipa jogoo, na kwa mkono wa pili, kwa mazoea, akaninyooshea kile kibao.

Des akakisogeza pembeni. "Yeye hahitaji."

Basi nikambandika. Macho yalikuwa yamejaa machozi, sikuona vizuri, nilipapasa kishimo cha nembo kwa kidole, nikamweka jogoo, nikamkandamiza kwa gumba kama siku ile jikoni. Nilipoinua mkono, sote tuliinama kuangalia.

Alikuwa ameinama kulia.

Clifford alifungua kinywa. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfuko wa koti, ule anaoweka rula, lakini hakuwahi kuitoa, kwa sababu Des, mume wangu asiyesema, alirudisha kichwa nyuma akawika wa kwanza.